Kuku Aliyeliwa na Kocha

Nilistaafu nikiwa na miaka ishirini na nne. Wanaotaka kucheka wacheke sasa wamalize, maana nina maharage jikoni na sina muda wa kurudia.

Naandika kwa ajili yenu nyie mnaoshinda pale Chanji kwenye kibanda cha kunyolea, simu mkononi, mkibishana ni kocha gani wa chuo ameahidiwa na mchezaji gani. Juzi nilipita na ndoo kichwani nikamsikia mmoja wenu, ndevu zake bado hazijaamua kama zitaota, akisema yule binti wa kidato cha nne anayepiga mguu wa kushoto ni wetu tayari, ameshatoa neno. Nikamuuliza, katoa neno kwa nani? Akasema kwenye grupu. Nikashusha ndoo. Nilikuwa na mambo mengi ya kumwambia, lakini hasira yangu ikishaanza huwa haina kituo, na maji nilikuwa nimeyatoa mbali. Nikaona bora niandike, mtasoma mkiwa mmekaa.

Kazi yangu ilikuwa ushenga. Si ushenga wa ndoa, ushenga wa mpira.

Kwa mgeni wa mji huu nieleze. Tuna vyuo viwili vya ualimu. Kimoja kiko juu ya mteremko, kingine kiko chini kwenye ubonde, na majina yao ya kwenye kibao ni marefu kama mahubiri ya Ijumaa Kuu, kwa hiyo sisi tunaviita Juu na Bondeni. Kila mwaka timu zao zinakutana. Za wanaume zinatoka sare mpaka watu wanapiga miayo. Ni mechi ya wanawake ndiyo inayofanya watu waliokaa benchi moja kanisani wasipeane mkono wa amani. Kila chuo kina nafasi chache za kusoma bila ada kwa wasichana wanaojua mpira, na kila kocha anawawahi wangali sekondari, kabla hata matokeo hayajatoka. Hapo hakuna cha kusaini. Anachopata kocha ni neno tu.

Neno la nani? La nyumba. Huku kwetu Ufipa binti hatolewi nyumbani kwa sababu mtu amevaa filimbi shingoni. Lazima mtu aende, akae, ale, aulizwe habari za kwao, ndipo aseme. Na kocha mwanaume akienda mwenyewe kuomba binti wa watu, hata kama ni wa kudaka mipira, mbwa watafunguliwa. Kwa hiyo anatumwa mshenga.

Mimi nilikuwa mfua jezi wa Juu. Siku moja Kocha Ladislaus, kocha wetu, alinikuta nikigombana na muuza sabuni, Kiswahili kikiniishia naingia Kifipa, Kifipa kikiniishia narudi. Nilishinda. Kocha akasema, huyu ndiye ninayemtafuta. Ni sawa na kumwajiri mlinzi kwa sababu umemsikia anakoroma kwa nguvu. Lakini mimi nilijiona nimepandishwa cheo, nikakubali.

Safari yangu ya kwanza nilifika kwenye nyumba ya watu asubuhi, msimu wa kupalilia, nikasimama mlangoni na kilo mbili za sukari, nikasema: shikamooni, nimekuja kumchukua binti yenu akacheze mpira. Hivyo hivyo, kabla sijakaa. Baba wa nyumba akaniambia karibu sana mama, akachukua jembe, akatoka. Nikakaa nikamsubiri. Jua likahama upande mmoja wa nyumba likaenda upande wa pili. Hakurudi. Nikarudi mjini na sukari yangu, na Bosco kinyozi akanitangaza kwamba nimefukuzwa na mtu ambaye hakusema hata neno moja baya.

Aliyenifundisha kazi ni mama mkwe wangu, Mama Kandida. Yeye alikuwa mshenga wa ndoa, wa kweli, ameunganisha nusu ya kwaya ya parokia. Aliniangalia nikilia kwa hasira juu ya beseni la jezi, nikimwaga maji ya moto, akanishika mkono.

"Wewe mwanangu, udongo wa uwanja huu ukikutana na maji ya moto unaiva. Anza na baridi. Na kwa watu ni hivyo hivyo."

Basi akanipa mafunzo, na haya mnaweza kuyachukua bure. Usifike nyumba ya watu wakati wa shamba. Fika jua likiwa limelegea, moto umeshawashwa. Piga magoti, piga makofi yale ya taratibu ya salamu, hata kama umevaa suruali ndani ya kitenge. Kula unachopewa, na usichunguze ndani ya bakuli kama askari wa kizuizi cha barabarani. Ukiulizwa unataka nini, sema umekuja kusalimia. Ukiulizwa tena, sema ni kusalimia tu. Ukiulizwa mara ya tatu, hapo ndipo useme, tena useme kwa kuzunguka: tumesikia kwenu kuna jogoo anayewika vizuri. Baba akiinuka kwenda kuangalia ng'ombe ambao wako salama, jua ni hapana. Mama akimwita binti aje akusalimie kwa mara ya pili, jua milango inafunguka. Na nyumba ikikubali, hutoki mikono mitupu: unapewa kuku mzima, amefungwa miguu, umpelekee aliyekutuma. Kuku ndiye jibu.

Halafu aliniambia jambo moja la mwisho, na hili ndilo nililolisikia kwa sikio moja: ukitumwa na ukapewa jibu, pita nyumbani kwanza. Usiende moja kwa moja kwa aliyekutuma. Lala nalo.

Kwa misimu mitatu niliiletea Juu wasichana wanne, na kila nilipokosea mji wote ulijua kabla sijavua viatu. Maana nyie mnadhani ubishi mmeuanzisha nyie. Wakati ule Bosco alikuwa Wa Juu wa kufa, na mpinzani wake alikuwa Gaudensi wa bodaboda, Wa Bondeni, aliyekuwa anaegesha pikipiki mbele ya kibanda ili tu abishane. Bosco anasema Kocha Ladislaus ndiye kocha, kwa sababu anawakimbiza wachezaji kwenye ule mteremko mpaka mapafu yao yanajua njia. Gaudensi anasema kocha ni wa Bondeni, yule tuliyemwita Padri kwa sababu hajawahi kupaza sauti, anasimama na mikono nyuma kama anasikiliza maungamo. Bosco anasema mikono nyuma haifungi goli. Gaudensi anasema wala kukimbia mlima hakufungi, ingekuwa hivyo mbuzi wangechukua kombe. Mteja kichwa kimenyolewa nusu, anasubiri. Wakimaliza makocha wanaingia kwa wasichana: fulani ameahidi huku, fulani ameahidi kule, fulani ameonekana akinywa soda na mtu wa Bondeni, amekwisha huyo. Wanawagawana kama mafungu ya dagaa wa Kasanga.

Na mimi nilifurahia. Msinione leo nafoka. Nilikuwa napenda kupita pale watu wanyamaze, Bosco aniulize kwa heshima, Mama Editha, lete habari.

Sasa ndiyo tufike kwa Ukuta.

Ukuta lilikuwa jina alilopewa na mashabiki kwenye mashindano ya shule za sekondari. Kipa. Mrefu, mkimya, ana mikono inayofika kabla ya mwili. Kwenye fainali alidaka penalti mbili, halafu akamuuliza refa kama ameruhusiwa kunywa maji. Kesho yake mji mzima ulikuwa unamtaka. Kwao kijiji kiko upande wa barabara ya Kasanga, baba yake anaitwa Mzee Serafini, mkulima wa mahindi na ulezi, mtu wa maneno machache sana. Kocha Ladislaus akaniambia nenda upesi kabla Padri hajaenda.

Mwanangu Editha alikuwa ndio kwanza ameanza kukaa. Ananyonya, siwezi kumwacha. Nikamfunga mgongoni, nikaenda naye.

Kila kitu kilikwenda kama nilivyofundishwa, mpaka nikajishangaa. Nilifika jua likiwa limelegea. Nilipiga magoti, na mtoto mgongoni. Nilikula ugali wa ulezi na mlenda bila kuuliza. Niliulizwa mara tatu nikazunguka mara tatu. Mzee Serafini hakuinuka kwenda popote. Alisema wamesikia, wataongea. Mama yake Ukuta alimbeba Editha, akamtazama, akamchekesha, akamzungusha nyumba nzima mpaka jikoni. Na nilipoaga, akatoka nyuma ya nyumba na tetea mweusi mwenye madoa meupe, amefungwa miguu kwa kamba ya katani, akanipa mkononi.

Nyie. Nilishuka ile njia kama mtu aliyebeba kombe.

Nyumbani sikupita. Ningepitaje na kuku kama yule? Nilikwenda moja kwa moja Chanji, nikasimama mbele ya kibanda, nikamwinua yule kuku juu. Sikusema kitu. Kuku ndiye aliyesema. Bosco alitupa mashine ya kunyolea, Gaudensi akawasha pikipiki akaondoka bila kuaga. Kabla sijafika chuoni grupu lilikuwa limejaa: Ukuta ni wa Juu. Kocha Ladislaus alimpokea kuku kwa mikono miwili, na jioni ile ile alimla, na wasaidizi wake wakala, na shingo wakanipa mimi. Tena kocha akawaambia makipa wawili waliokuwa wanangojea nafasi kwamba nafasi haipo tena.

Nilipofika nyumbani Mama Kandida akaniuliza tu kuku yuko wapi. Nikasema nimempelekea aliyenituma. Akamtazama Editha, akanitazama mimi, akauliza: mtoto naye alipewa nini? Nikamwambia mama, mimi nilikwenda kikazi, sikwenda kutembeza mtoto. Akanyamaza. Ningekuwa na akili ningeuliza kwa nini amenyamaza.

Siku chache baadaye Gaudensi akarudi kibandani anapiga mluzi. Padri amekwenda kwa Mzee Serafini. Hakutuma mshenga; alikwenda na shemasi, wakasali rozari pamoja na familia, na Mzee Serafini amempa neno. Ukuta anakwenda Bondeni.

Sitaki kusema yote yaliyosemwa kwenye lile grupu. Bosco alirekodi sauti ndefu, anasema familia ile ina ndimi mbili, wanatoa kuku huku wanatoa binti kule, yule msichana ni msaliti hajaanza hata kucheza. Wa Bondeni nao wakajibu kwamba Juu wameposa kuku, harusi lini. Vijana ambao hawajawahi kukanyaga kijiji kile walikuwa wanamchambua mtoto wa watu kama wanachambua mchele. Mimi nilisikiliza ile sauti ya Bosco mara mbili, na mara ya pili nikatikisa kichwa kukubaliana naye. Niliona nimedhulumiwa.

Kocha akanirudisha kule. Nenda ukawakumbushe kuku, akasema. Nikaenda, mtoto mgongoni, maji yangu yakiwa ya moto.

Nilimkuta mama yake Ukuta anapeta ulezi. Makofi ya salamu niliyapiga kama mtu anayeua mbu. Nikasema papo hapo, nimesimama: mama, mlinipa kuku.

Hakukasirika. Aliendelea kupeta kidogo, kisha akaweka ungo chini.

"Kuku alikuwa wa huyu," akasema, akinyoosha mkono kwa Editha. "Si ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuingia kwetu? Mtoto mchanga hatoki mikono mitupu. Nilimpa tetea, ili ataage, vifaranga viwe vyake." Akamshika mtoto mguu. "Ameshataga?"

Jamani. Mimi ni Mfipa. Nimezaliwa hapa, nimebatizwa hapa, nilipokuwa mdogo mwenyewe nilipewa kuku kwa shangazi yangu na vifaranga vyake vilininunulia sare ya darasa la kwanza. Desturi hii naijua kama ninavyojua jina langu. Lakini nilikuwa nimejifunza kazi vizuri mno, mpaka nikasahau kwamba nina mtoto mgongoni.

"Hapana mama," nikasema. "Aliliwa."

"Na nani?"

"Na kocha."

Sijui kama alitaka kucheka au kulia, maana mdomo wake ulianza upande mmoja ukamalizia upande mwingine. Kisha akanieleza yaliyotokea, kwa sauti ile ile ya kupeta. Siku ya gulio alikwenda kuuza maharage. Kijana mmoja akamtambua, akaita wenzake, wakamzunguka: huyu ndiye mama wa ndimi mbili, msinunue kwake, atawapa maharage kisha awanyang'anye njiani. Watu wakacheka. Alifunga gunia lake, akarudi nalo kichwani, halijapungua hata kikombe.

Mzee Serafini alisikia, na hakupaza sauti. Alisema tu kwamba kwake hatoki mtu. Si Juu, si Bondeni. Mpira umekwisha na chuo kimekwisha. Binti atabaki, mashamba yapo. Na vyuo vilikuwa vinafungua wiki ile iliyofuata, na asiyeripoti nafasi yake anapewa mwingine.

Kwa hiyo mjue kilichokuwa mezani. Si kombe. Binti aliyefaulu, mwenye nafasi ya kusoma bila ada, anabaki kupalilia kwa sababu watu wazima walibishana kwenye simu, na kwa sababu mimi sikupita nyumbani kwanza.

Mzee mwenyewe akatokea kutoka shamba. Nilipiga magoti, safari hii kweli. Sikumkumbusha kuku. Nikamwomba amwache binti aende anakotaka, hata kama ni Bondeni. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema neno ambalo sikulitegemea.

"Wanaomtukana waje hapa waniambie mimi. Halafu tutaongea."

Safari hii nilipita nyumbani. Nililala. Asubuhi nikaenda kibandani nikiwa baridi kama maji ya kisimani mwezi wa sita, na nadhani hicho ndicho kilichomtisha Bosco, maana alizoea kelele zangu. Nikamwambia kesho Jumapili, baada ya misa ya kwanza, wewe na Gaudensi mnakwenda na mimi. Akasema ana wateja. Nikamwambia una mama? Akasema anaye. Nikasema, basi tunakwenda kwa mama wa mwenzako.

Pikipiki ilikuwa moja, ya Gaudensi. Gaudensi anaendesha, Bosco katikati amemkumbatia adui yake kiunoni, mimi nyuma na mtoto mgongoni. Bosco alivaa jezi ya Juu. Nikamlazimisha aigeuze ndani nje. Upepo wa uwanda ule mnaujua. Tulifika machozi yanatutoka, na mama yake Ukuta alidhani ni toba, akatuonea huruma akawasha moto mkubwa.

Tukakalishwa. Tukaletewa ugali wa ulezi na samaki wa migebuka. Mzee Serafini hakuuliza kitu. Nilikuwa nimewafundisha njiani: mnyamaze mpaka muulizwe mara tatu. Walijitahidi. Walinyamaza mpaka tonge la nne hivi. Kisha Gaudensi, kwa kutaka tu kujaza ukimya, akasema chakula kizuri, hata Padri alikisifu. Bosco akasema Padri anasifu kila kitu, ndiyo maana timu yake inacheza kama inaomba radhi. Gaudensi akasema afadhali kuomba radhi kuliko kukimbia mlima na kutapika. Bosco akaweka tonge chini ili apate mikono ya kubishania. Wakaanza, katika uwanja wa mtu, mbele ya bakuli la mtu: huyu binti akiwa na Ladislaus atakuwa na pumzi, huyu binti akiwa na Padri atakuwa na utulivu, huyu angetufaa sisi, huyu angewafaa nyie. Nilimkanyaga Bosco mguu. Akadhani namuunga mkono, akaongeza sauti.

Mzee Serafini aliwasikiliza kama anasikiliza redio ya jirani. Akanawa mikono. Akauliza:

"Huyu mnayemgombania, jina lake nani?"

Bosco akajibu haraka, "Ukuta, mzee."

"Ukuta ni wa nyumba. Mimi nauliza mwanangu."

Bosco akamtazama Gaudensi. Gaudensi akatazama pikipiki. Kisha wote wawili wakanigeukia mimi, mshenga, mtu wa kazi, niliyeingia nyumba ile mara tatu. Na mimi nikafungua mdomo wangu huu, ambao haujawahi kukosa neno tangu nilipoota meno, na hapakuwa na kitu ndani. Nilikuwa nimesema jogoo anayewika. Nilikuwa nimesema binti yenu. Jina nilikuwa sijawahi kuuliza.



Binti akatoka jikoni mwenyewe, anafuta mikono kwenye kitenge. Hakusimama mbali, alikuja mpaka kwenye mkeka.

"Naitwa Leokadia," akasema. "Na mimi sijamwahidi mtu yeyote."

Nikapata sauti yangu, ndogo, wala siijui ilitoka wapi. Nikamuuliza swali ambalo ningepaswa kuliuliza tangu mwanzo: wewe mwenyewe unataka nini?

Akasema anataka kufundisha hisabati. Juu hawafundishi ualimu wa hisabati, Bondeni wanafundisha. Ndiyo hivyo tu. Padri au Ladislaus ni sawa kwake. Golini anapenda kukaa kwa sababu mpira ukiwa upande wa pili unapata nafasi ya kufikiri, na pembe zote unaziona.

Baba yake akageuka taratibu.

"Hisabati," akasema. "Mbona hukuniambia?"

"Mlikuwa mnaongea, baba."

Bosco alianza kulia, kweli safari hii, pua na kila kitu; ni mtu wa ajabu, ana mdomo wa mnada na moyo wa uji. Akapiga magoti kwa mama yake Leokadia, akasema shikamoo mama, nisamehe. Mama akamwambia marahaba, na gulio ni Alhamisi.

Hiyo ndiyo ikawa hukumu, na Mzee Serafini akamruhusu binti aende Bondeni. Alhamisi Bosco alibeba lile gunia begani kutoka kijijini, akakaa chini pale pale alipotukanwa yule mama, akanadi maharage kutwa nzima kwa ile sauti yake ya grupu, na kila aliyefika aliambiwa muuzaji huyu ni mama yake Leokadia na hana ulimi wa pili. Gunia lilikwisha. Gaudensi naye siku ya kuripoti alimpeleka binti chuoni bila nauli, sanduku mbele juu ya tangi, na mtu yeyote aliyemwita Ukuta njiani alipigiwa honi.

Kocha Ladislaus aliniita. Alikuwa amevimba. Anasema alinituma nilete kipa, nikampelekea mwenzake, na makipa wengine ameshawapoteza. Alikuwa na haki, na nilitaka kuomba radhi, niliazimia kabisa njia nzima. Lakini akamalizia kwa kusema mimi sina uaminifu. Nikamwambia, kocha, wewe umekula mali ya mtoto anayenyonya. Kazi yangu ikaishia hapo. Beseni nikaliacha, jezi zikiwa ndani ya maji ya baridi. Na mpaka leo huyo kuku hajalipwa.

Leokadia alicheza Bondeni, na alitufunga, maana yake alituzuia tusifunge, na mimi nilikuwa upande wa Juu nikiwa na uchungu kama kawaida, msidhani nilihama timu. Ana kazi sasa, anafundisha sekondari. Wanafunzi wake nimewasikia wakilalamika kwamba mwalimu siku ya kwanza hafundishi kitu, anauliza majina tu mpaka kengele inalia.

Mwezi uliopita alikuja kunitembelea nyumbani kwangu Milanzi. Sikumtegemea. Alisimama mlangoni akapiga makofi ya salamu, na mgongoni alikuwa amefunga mtoto, wa kwanza, ndio kwanza ameanza kukaa. Editha wangu, ambaye sasa yuko darasa la nne na hii habari ya kuku wake aliyeliwa anaijua na huniimbia kila nikimtuma dukani, akamtazama yule mtoto, akanitazama mimi, akaenda nyuma ya nyumba bila kutumwa. Akarudi na tetea.

Nikamfunga miguu kwa kamba. Nikamsindikiza Leokadia mpaka barabarani, na pale, mbele ya majirani na bodaboda wote waliokuwa wameegesha, nikasema kwa sauti yangu yote, ile ya zamani:

"Huyu ni wa mtoto. Msikie wote. Ni wa mtoto."

Kabla sijafika mlangoni, kule Chanji walikuwa wameshaandika kwenye grupu kwamba mwalimu Leokadia ameonekana Milanzi akitoka na kuku, na kwamba bila shaka ameahidi kuinoa Juu.